SOMO: UFA WA NYUMBA KUUKUU KATIKA MJI WA BARIDI

Mwaka huu mlezi wa Chama chetu cha Kiswahili alimtaka kila mwanachama aandike somo juu ya kazi ya mikono aliyoiona, au aliyoisikia kwa mtu anayeifanya. Wenzangu wengi wamechagua upishi na ususi. Mimi nimechagua simiti, kwa sababu nyumbani kwetu simiti imeleta ugomvi.

Baba yangu ni fundi wa kujenga hapa Mombasa. Ami yangu, mdogo wake baba, ni fundi vilevile, lakini yeye yuko Portland, mji wa bandari katika jimbo la Maine, kaskazini mashariki mwa Marekani. Huko yuko na kikundi kinachotengeneza ngazi, vijia na misingi ya nyumba za watu, hasa nyumba kuukuu. Ugomvi wenyewe ni huu. Miaka mitatu iliyopita baba alipiga plasta ya simiti chumba cha nyanya katika nyumba yetu ya Mji wa Kale, nyumba ya matumbawe na chokaa. Sasa plasta ile inabambuka vipande vizima vizima, na mwezi wa Aprili kimoja kiliangukia kitanda cha nyanya. Bahati njema alikuwa ameamka kwenda kutawadha. Baba asema mchanga ulikuwa mbaya. Ami asema kosa si mchanga, na kwamba kosa lilo hilo analikuta kila mwaka huko kwenye baridi. Basi nikamwomba anieleze kwa simu tangu mwanzo, nami nikaandika daftarini.

Sote tumekaririshwa kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini wahenga hawakutuambia ufa uzibwe kwa kitu gani, na hapo ndipo penye somo langu.

MJI WENYEWE

Portland iko kando ya Bahari ya Atlantiki. Mwezi wa Januari, usiku wa kawaida hushuka hadi karibu nyuzi 10 chini ya sifuri. Lakini ami asema si baridi tupu inayovunja nyumba, ni kule kupanda na kushuka. Mchana jua likitoka barafu inayeyuka na maji yanaingia kwenye nyufa. Usiku yanaganda. Kesho mambo ni yale yale, na kesho kutwa, mpaka majira ya baridi yaishe.

Nyumba za zamani ni nyingi. Tarehe 4 Julai 1866 moto mkubwa uliunguza sehemu kubwa ya mji huo, na watu wakajenga upya, wengi kwa matofali. Misingi ilikuwa ya mawe, na matofali yalishikanishwa kwa chokaa. Chokaa nyingi ilichomwa katika jimbo hilo hilo, mji wa Rockland, kisha ikapakiwa majahazini. Hebu fikiri, msomaji: chokaa iliyochomwa ikiguswa na maji huchemka na kutoa joto kali, kwa hivyo jahazi likivuja kidogo tu shehena yaweza kuwaka. Kuna majahazi yaliyoungua hivyo. Mtu aungue katikati ya bahari kwa sababu ya maji! Mimi nilicheka, nyanya akanikemea.

Tena kuna jambo la jina. Mifuko ya simiti huandikwa Portland, nami nikadhani simiti imezaliwa katika mji wa ami. Kumbe sivyo. Joseph Aspdin, fundi wa matofali wa Leeds huko Uingereza, alipata hati ya simiti yake mwaka wa 1824, akaiita hivyo kwa kuwa ilifanana na mawe ya kisiwa cha Portland cha huko huko Uingereza. Mji wa Maine nao ulipewa jina la kisiwa hicho mwaka wa 1786. Basi ni kama wajukuu wawili waliopewa jina la babu mmoja.

MAJI YANAVYOVUNJA ZEGE

Zege ni simiti, mchanga, kokoto na maji. Likishika twaliona gumu kama mwamba, tukadhani halipitishi kitu. Ukweli ni kwamba ndani lina vijitundu vidogo visivyoonekana kwa macho. Simiti hutumia sehemu tu ya maji uliyokorogea. Yaliyozidi hutoka polepole, na pale yalipokuwa panabaki wazi. Mvua ikinyesha, maji mengine yaja kukaa humo. Sasa maji yakiganda kuwa barafu huongezeka ukubwa kwa karibu asilimia 9. Aliyewahi kusahau chupa ya soda ndani ya friza anajua kilichotokea. Ngazi ya mbele ya nyumba ya Portland ni chupa hiyo, inagandishwa na kuyeyushwa mara nyingi mno kwa mwaka mmoja. Kwanza uso unabambuka kama maganda. Kisha kokoto zinatokeza. Halafu kona ya kidato inamegeka, na mwenye nyumba, ambaye mara nyingi ni mzee kama nyumba yake, anateleza.

Dawa ya kwanza ni kupunguza maji. Kwa zege la nje, uzito wa maji usizidi 0.45 ya uzito wa simiti. Piga hesabu: mfuko wa kilo 50 haupati zaidi ya lita 22 na nusu, tena pamoja na maji yaliyomo tayari katika mchanga mbichi. Nilipomsomea baba hesabu hii alicheka sana, maana hapa kwetu vibarua hutia maji kwa mpira hadi zege likimbie lenyewe kama uji wa mgonjwa. Likikimbia halichoshi mikono.

Dawa ya pili ilinishangaza zaidi, nayo ni hewa. Katika miaka ya 1930 huko Marekani, watu waliona kwamba vipande vingine vya barabara za zege havikubambuka kama vingine. Walipochunguza wakakuta simiti yake ilisagwa ikiwa imechanganyika na mafuta, na mafuta yale yalitia vipovu vidogo vidogo ndani ya zege. Tangu hapo vipovu vinatiwa makusudi kwa dawa maalumu, hadi hewa iwe karibu asilimia 6 ya zege zima. Maji yanapoanza kuganda na kusukumana, hukimbilia ndani ya vipovu badala ya kupasua. Kwa hivyo zege linaokolewa na mahali pasipo na zege! Nilimfanya ami alirudie jambo hili mara mbili.

Kumwaga kwenyewe pia kuna taabu yake. Sisi adui yetu ni jua, ndiyo maana baba hufunika zege kwa magunia mabichi na kunirauka mimi alfajiri nilinyunyizie maji kabla ya kwenda shule, siku 7. Kule joto likishuka chini ya nyuzi 5 simiti hushika kwa uvivu, na zege changa likiganda kabla halijapata nguvu limeharibika, hata ukilingoja mwezi. Kwa hivyo hukorogea maji ya moto, hulifunika zege kwa mablanketi mazito, wala hawalimwagi juu ya udongo ulioganda.

Udongo wenyewe nao huvimba ukiganda. Ndiyo sababu msingi huko huchimbwa hadi karibu futi 4, chini ya pale baridi inapofika. Ngazi nyingi za zamani hazikuchimbiwa hivyo. Baridi huziinua, joto huzishusha, na kila mwaka zinarudi zikiwa zimelala upande kidogo. Ami asema kuziba ufa wa ngazi kama hiyo ni kupaka jipu poda. Hubomolewa, ikachimbwa upya.

Chumvi nayo isisahauliwe. Watu humwaga chumvi njiani ili barafu iyeyuke, lakini zege jipya halitakiwi kuguswa na chumvi katika majira yake ya kwanza ya baridi, ni heri mchanga. Chumvi pia huzila nondo, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, kwa hivyo zege linapasuliwa kutoka ndani.

PENYE UGOMVI

Sasa tuje kwenye ukuta. Tofali la zamani ni laini na chokaa iliyolishika ni laini zaidi. Maji yakiingia ukutani hutokea kwenye chokaa, polepole, bila kudhuru. Anakuja fundi, anakwangua chokaa iliyochakaa, anaziba kwa simiti ngumu. Kazi yapendeza. Mwenye nyumba analipa na kushukuru. Lakini sasa maji hayana njia ila ndani ya tofali, na baridi ikija yanaganda humo humo. Uso wa tofali unaruka. Ami alituma picha moja ya ukuta kama huo: mistari ya simiti imesimama mizima, na matofali katikati yameliwa kama boflo lililoingiwa na panya. Kanuni yao ni kwamba kinachounganisha kiwe laini kuliko kinachounganishwa. Chokaa ikichakaa utatia nyingine, lakini tofali la mwaka wa 1870 utalinunua duka gani?

Nilipoitazama picha ile niliuona ukuta wa nyanya. Mombasa hatuna barafu isipokuwa ya kutia kwenye juisi. Lakini chumvi tunayo. Matumbawe yametoka baharini, na maji ya chini hupanda ukutani kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi. Chokaa ya wazee iliyaachia yatoke. Baba aliyafungia kwa simiti. Basi yalipokuwa yakikauka nyuma ya plasta yaliacha chumvi, na chumvi ikifanya chembe inakua na kusukuma. Kazi ile ile ya barafu, bila baridi.

Nilikiokota kipande kilichoanguka kitandani. Upande wa nyuma kilikuwa na unga mweupe. Nikauonja kwa ncha ya ulimi (usiniige). Chumvi tupu.

Sikujua nitamwambiaje baba, kwa maana mtoto wa Kidato cha Tatu hamfundishi baba yake kazi aliyomsomeshea. Jioni nilimpelekea chai na kile kipande juu ya sinia, nikanyamaza. Alikigeuza, akakikwangua kwa ukucha, akauonja unga kama nilivyouonja mimi.

"Ami yako alikwambia nini tena?" akauliza.

Nikamsomea daftari lote. Penye lita 22 na nusu alibisha, na mpaka leo anabisha. Penye ukuta hakubisha. Alikaa kimya kwa muda, kisha akasema, "Babangu alikuwa akiupiga chokaa ukuta huu huu. Mimi ndiye niliyeona ni mambo ya kizamani."

Likizo ya Agosti tuliibandua plasta yote, baba na mimi. Ukuta ukaachwa wazi ukauke, na chumvi inayochomoza twaisugua kwa brashi kavu, si kwa maji, maana maji yatairudisha ndani. Baadaye itapigwa chokaa iliyolowekwa, kipimo 1 kwa mchanga 3, na mchanga usiwe wa ufuoni, kwa matabaka membamba. Baba ameshazungumza na mzee mmoja anayeijua kazi hiyo, awe akimsimamia. Nyanya kwa sasa analala sebuleni. Kila asubuhi anaweka kiganja chake ukutani, halafu ananiambia, "Bado."