Mama anaumwa, niache chuo?

Shangazi, nina miaka 24, niko mwaka wa kwanza chuo kikuu, mbali na nyumbani. Nilichelewa kuanza kwa sababu nilikuwa namuuguza mama, na mimi ni mtoto pekee. Kila jioni ananipigia simu: nimekula nini, chumbani nakaa na nani. Nikimjibu “salama tu” ananuna. Ndugu wa baba wanasema nimemtelekeza. Nirudi nyumbani?

Mwanangu, usirudi.

Ulivyoniandikia, nimemkumbuka Ellen Swallow, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1842 huko Massachusetts. Naye alikuwa mtoto pekee, na mama yake hakuwa na afya nzuri. Alifundisha shule, akadunduliza senti za masomo, kisha akakwama nyumbani kwa sababu alihitajika, na kipindi hicho kilimvunja moyo kabisa. Mwaka 1868, akiwa na miaka 25, ndipo alipoingia Vassar, chuo cha wanawake katika jimbo la New York, akawa anawafundisha wenzake ili kujikimu.

Barua zake za nyumbani ndizo ninazotaka uzifikirie. Hakuandika “salama tu”. Aliwaeleza wazazi masomo yake na siku zake zilivyokwenda. Hata alilalamika kwamba chuo hakiwaachi wasome vya kutosha! Enzi hizo watu wazima wenye elimu zao waliamini kwamba vitabu vingi vinadhoofisha mwili wa msichana. Mama aliyepokea barua kama hiyo alijua mwanawe anaishi vipi, na yuko na akina nani.

Mama yako anataka hicho hicho. Mtu anayeshinda ndani akiumwa halishwi na neno “salama”. Mwambie wali wa kantini ulikuwa na mawe, mwalimu gani anakutisha, mwenzako wa chumbani anatoka wapi. Mtumie ujumbe wa sauti mchana, kabla hajapiga yeye. Na umwombe ushauri wa jambo moja la kweli, maana ugonjwa haujamwondolea umama.

Hao ndugu wa baba nao usiwaogope. Wapigie, uwaombe kwa heshima wapange zamu za kumpeleka hospitali. Mwenye uchungu na mgonjwa atasaidia.

Hali ikizidi je? Baada ya Vassar, Ellen alikuwa ameanza kusoma kemia katika taasisi ya teknolojia ya Massachusetts, mwanamke wa kwanza kupokelewa pale, baba yake alipofariki kwa ajali ya treni mwaka 1871. Akawa anakwenda na kurudi kati ya Boston na Worcester, alikobaki mama yake, huku akiendelea kusoma. Shahada aliipata mwaka 1873. Wewe chuo chako kina utaratibu wa kuahirisha masomo. Nenda kwa mshauri wa wanafunzi wiki hii, mama angali na nafuu, uulize barua gani ya daktari inatakiwa na nafasi yako inashikiliwa kwa muda gani.