Anayeharisha Chai Haimtoshi

Katika baadhi ya nyumba, mtoto akianza kuharisha hupewa chai ya rangi yenye sukari nyingi. Nia ni njema, lakini sukari ikizidi huvuta maji zaidi tumboni na kuhara huongezeka. Chumvi aliyopoteza nayo hairudi.

Kinachofaa zaidi ni pakiti ya ORS kutoka kituo cha afya au duka la dawa. Isome kwanza: nyingine ni za nusu lita, nyingine za lita nzima.

Ikikosekana, chemsha maji, yaache yapoe, kisha upime lita 1, yaani chupa 2 za soda za nusu lita. Tia vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi. Kila kijiko kisawazishwe kwa kisu, kisiwe na kilima kama kile cha kutilia chai. Onja kabla ya kumpa: yakiwa na chumvi kuliko machozi, mwaga uanze upya, maana chumvi nyingi ni hatari kwa mtoto.

Kila anapoharisha, aliye chini ya miaka 2 anywe robo hadi nusu kikombe. Mkubwa wake, nusu hadi kikombe kizima. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha endelea polepole kwa kijiko. Anayenyonya aendelee kunyonya. Yakipita saa 24, tengeneza mengine.

Choo kikiwa na damu, macho yakizama, au mtoto akilegea na kushindwa kunywa, mpeleke hospitalini mara moja, hata usiku.