Kuokoa Kumbukumbu ya Televisheni
Katika karne ya 19, misafara ya Ujiji na Bagamoyo ilibadili wapagazi Tabora, mzigo uliendelea. Ndivyo impasavyo fundi aliyeletewa televisheni ya bomba la picha yenye chipu ya kumbukumbu iliyodhoofika. Chipu 24C02 ina baiti 256. Biti huhifadhiwa kwa kuwapo au kutokuwapo chaji iliyozingirwa na kihami, nayo chaji huweza kuvuja. Chipu tupu haifai, wala nakala ya televisheni ya jirani: vipimo vya umbo na rangi viliwekwa kiwandani kwa bomba lile moja. Basi chipu isomwe mara tatu, kila baiti ilinganishwe, na inayojirudia mara mbili iandikwe katika chipu mpya. Biti iliyokwisha kuvuja husomeka vibaya mara zote. Hiyo hurekebishwa kwa kutazama picha.