Maji Yanaponuka Mafuta: Kijitabu kwa Kaya za Handeni na Korogwe

Ukichota maji ukasikia harufu ya petroli, dizeli au mafuta ya taa, acha kuyanywa siku hiyo hiyo. Usiyapikie. Usimwogeshe mtoto kwa maji hayo. Wala usiyachemshe ukidhani moto utayasafisha. Kurasa nyingine za kijitabu hiki mnaweza kuzisoma jioni mkiwa mmetulia, lakini haya manne hayasubiri.

Tunaanza na kuchemsha kwa sababu ndiko watu wengi wanakokimbilia, na si kosa lao. Kwa miaka mingi zahanati na shule zimetufundisha kuchemsha maji ya kunywa, na mafunzo hayo yameokoa watoto wengi. Kipindupindu na homa ya matumbo huletwa na vijidudu, na kijidudu hufa kwa moto. Mafuta hayana uhai wa kuondolewa. Yakiwa kwenye sufuria, sehemu nyepesi hugeuka mvuke ndani ya nyumba mnamolala, na mvuke wa petroli ukikuta mafiga au jiko la mkaa unaweza kuwaka. Sehemu nzito hubaki humo humo sufuriani. Dawa ya klorini nayo haiondoi mafuta. Kuchuja kwa kitambaa, mchanga au mkaa wa jikoni hakutoshi, hata maji yakionekana meupe kabisa.

Anzeni na dumu

Katika vijiji vyetu dumu moja huzunguka sana. Leo limebeba petroli ya bodaboda, kesho linauzwa mnadani, keshokutwa liko kisimani. Plastiki hunywa mafuta. Hata ukilisugua kwa sabuni na mchanga, litaendelea kuyatoa kidogo kidogo kwenye maji, hasa likikaa juani. Kwa hiyo kabla kijiji hakijakilaumu kisima, choteni maji moja kwa moja kwa sufuria safi au ndoo ambayo haijawahi kuguswa na mafuta. Wanuse watu wawili watatu, akiwemo mmoja ambaye hakuwapo kisimani asubuhi ile, kwa maana pua huzoea harufu upesi na aliyekaa nayo muda mrefu haisikii tena. Msionje.

Maji ya sufuria yasiponuka, tatizo liko kwenye vyombo vya nyumbani. Dumu lililowahi kubeba mafuta lisirudi kwenye maji ya kunywa milele. Litie alama ya rangi ili mtoto anayetumwa maji asilichukue.

Jambo la pili linalochanganya watu ni utando. Maji mengi ya ardhini huwa na madini ya chuma, na chuma hutandaza juu ya maji utando unaong'aa rangi rangi, unaofanana sana na wa mafuta. Kuna njia rahisi ya kuvitofautisha. Mimina maji kwenye beseni safi, uyaache yatulie, kisha pitisha kijiti katikati ya utando. Ukivunjika vipande vyenye kona ambavyo havirudi kushikana, huo ni wa chuma, na mara nyingi utaona pia tope la rangi ya kutu. Ukijifunga tena nyuma ya kijiti na kuendelea kutanda, shuku mafuta. Jaribio hili lifanyike kwenye beseni, mbali na moto na sigara. Mtu asiiname juu ya mdomo wa kisima.

Mafuta yanafikaje kisimani

Tangu kazi ya bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda hadi Chongoleani, Tanga ilipoanza, wengi hulitaja bomba hilo kwanza wanaposikia habari ya maji na mafuta. Ni bomba la kilomita 1,443, na linapita Kilindi, Handeni, Korogwe na Muheza kabla ya kufika baharini. Kulifuatilia ni haki ya kila kijiji kilicho kando ya njia yake. Hata hivyo mafuta ghafi ya Uganda ni mazito yenye nta, na ndiyo maana bomba limetengenezwa kuyapasha joto la nyuzi 50 hivi ili yatiririke. Petroli na dizeli hupenya udongo upesi zaidi, na hivyo viwili viko karibu nasi kuliko bomba lolote.

Tazameni kibanda cha mashine ya maji chenyewe. Injini ya dizeli iko hatua chache kutoka kwenye kisima, pipa la mafuta limeegemezwa ukutani, na oili chafu humwagwa nyuma ya kibanda kila injini inapofanyiwa sevisi. Hapo ndipo uchunguzi uanzie. Kisha mashine ya kusaga. Kisha gereji ya pikipiki, na meza ya petroli ya chupa. Kisha matangi ya chini ya ardhi ya vituo vya mafuta kwenye barabara kuu, kuanzia Mkata na Kabuku hadi Segera, Korogwe na Mombo, ambayo yanaweza kuvuja muda mrefu bila tone kuonekana juu. Kwenye mashamba ya mkonge kuna karakana za siku nyingi na matangi yake. Kwenye machimbo madogo ya dhahabu kuna jenereta na pampu.

Tena kuna ajali. Malori ya mafuta yanayokwenda mikoa ya kaskazini hupita njia hii usiku na mchana. Lori likianguka, jambo la kwanza ni watu kukaa mbali. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, Morogoro, watu walikusanyika kuchota petroli ya lori lililopinduka. Mafuta yakalipuka, na watu zaidi ya 100 wakafa. Moto usipotokea, yale yaliyomwagika huenda mtaroni, mtaro huenda korongoni, na korongo mara nyingi huenda kwenye lambo au kisima cha watu ambao hata hawakusikia habari za ajali. Maji ya mto Pangani yanayovutwa Korogwe ndiyo yanayopelekwa Handeni kwa mradi wa bomba kuu la maji la Handeni (HTM), kwa hiyo oili inayomwagwa upande mmoja ni shida ya wilaya zote mbili.

Chini ya ardhi mambo huenda polepole. Petroli na dizeli ni nyepesi kuliko maji. Zikimwagika hushuka kwenye udongo hadi zinapoyakuta maji, kisha huelea juu yake na kusogea yanakoelekea. Kiangazi kikikausha ardhi, maji hushuka na mafuta hushuka nayo, yakiacha mabaki kwenye udongo yanapopita. Masika yakija, maji hupanda na kuyaosha tena mabaki yale. Ndiyo sababu kisima kinaweza kunuka Aprili, kikanyamaza Agosti, kikanuka tena vuli. Kimya cha Agosti kisiwafanye mkasema kimepona.

Wenzetu wa Thange, Kibwezi, katika kaunti ya Makueni nchini Kenya, walipatwa na jambo hili mwaka 2015. Mafuta yalivuja kutoka kwenye bomba linalotoka Mombasa kwenda Nairobi, yakaingia ardhini na katika mto Thange. Watu waliokuwa wakinywa, wakinywesha mifugo na kumwagilia bustani kwa maji hayo walibaki wakitegemea maji ya kuletewa, na miaka ilipita wakiwa bado wanadai fidia na usafishaji. Tunawataja kwa sababu madai ya namna hiyo huhitaji ushahidi: nani alisikia harufu, wapi, tarehe gani. Kijiji chenye daftari kina la kusema mbele ya mamlaka.

Yanavyodhuru mwili

Anayekunywa maji yenye mafuta mengi huumwa kichwa, huona kizunguzungu, kichefuchefu na tumbo kuchafuka. Ngozi inayoogeshwa kwa maji hayo hukauka na kuwasha. Hayo huonekana. Yanayotutia hofu zaidi ni yasiyoonekana, na hasa benzini, kemikali iliyomo ndani ya petroli, ambayo kwa kunywewa au kuvutwa muda mrefu huleta saratani ya damu. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha benzini kwenye maji ya kunywa kuwa mikrogramu 10 kwa lita.

Fanyeni hesabu hii. Chukua lita 1 ya petroli ambayo benzini ni sehemu moja tu kati ya mia. Humo mna benzini gramu 7 hivi. Gramu hizo, zikiyeyuka zote, zinatosha kuyafikisha kwenye kikomo hicho maji lita 700,000, yaani ndoo 35,000 za lita 20. Kweli, petroli iliyomwagika nyingine huruka hewani, na bakteria wa udongo hula nyingine, kwa hiyo haifiki yote. Lakini chupa moja ya petroli kando ya kisima si jambo dogo.

Harufu husaidia, kwani mafuta mengi hunuka kabla hayajafikia kiasi cha kumdhuru mtu kwa siku chache. Benzini ni tofauti. Yenyewe inaweza kupita kikomo mara nyingi bila pua kuigundua. Kwa hiyo kisima kilichowahi kuingiwa na petroli hakiruhusiwi kwa pua. Kinaruhusiwa kwa kipimo.

Kazi ya kijiji, hatua kwa hatua

Siku ile ile, aliyesikia harufu amwambie mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji wa kijiji, na kamati ya chombo cha watumiaji maji ifunge kituo cha kuchotea. Wekeni ubao na mtu wa kuwaeleza wanaokuja, hasa watoto na wazee wasiosoma. Mtendaji atoe taarifa ofisi ya wilaya ya RUWASA, wakala wa maji vijijini, au mamlaka ya maji kwa walioko mjini, kwa afisa afya, na kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani. Ikionekana kuna umwagaji au uvujaji, mamlaka ya taifa ya usimamizi wa mazingira (NEMC) ijulishwe, na kama ni kituo cha mafuta, mdhibiti wa huduma za nishati na maji (EWURA) pia. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka kanuni kwamba anayechafua ndiye anayegharamia, kwa hiyo kutoa taarifa si uchochezi. Mwenye kituo au shamba anaweza kuwa jirani na ndugu yenu. Mwiteni akae kwenye uchunguzi tangu mwanzo, naye atasaidia kuliko akisikia habari zake barazani.

Mtu asishuke kisimani. Kuna desturi ya kuteremsha mshumaa au koroboi kupima hewa kabla ya fundi kuingia. Kwenye kisima kinachonuka mafuta desturi hiyo inaweza kuua, maana mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutuama chini na hulipuka ukikuta moto. Simu, sigara na jenereta vikae mbali.

Wakati wataalamu wanasubiriwa, vijana wawili watatu wachore ramani ya mkono: kisima, mteremko wa ardhi, mitaro, na kila mahali panapowekwa au kumwagwa mafuta. Waandike mashine ilitengenezwa lini, mvua kubwa ilinyesha lini, nani alimwaga nini. Waulize visima vya jirani, kimoja kimoja, na waandike pia visivyonuka, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyoonyesha mafuta yanaelekea upande gani. Katika miamba ya kwetu maji hufuata nyufa, kwa hiyo msidhani kisima kilicho juu ya mlima kiko salama.

Sampuli ichukuliwe na mtaalamu. Chupa ya soda haifai. Kinachotakiwa ni chupa ya kioo iliyoandaliwa na maabara, ijazwe pomoni bila kuacha hewa, ikae kwenye baridi na ifike haraka, la sivyo mvuke huruka njiani na majibu yatasema maji ni mazuri. Mwambieni afisa waziwazi kwamba mnashuku mafuta. Kipimo cha kawaida cha maji hutafuta vijidudu, chumvi na tope, na kisima chenye petroli kinaweza kukifaulu.

Maji ya muda yatoke kwenye bomba la mradi mwingine, gari la maji lililo safi, au mvua iliyovunwa kwenye bati. Lambo likitumika, hapo kuchemsha kunarudi kuwa lazima. Mifugo nayo isinyweshwe maji yanayonuka.

Mafuta yaliyomwagika juu ya ardhi yafunikwe kwa udongo mkavu au maranda, yazolewe na kuwekwa kwenye pipa lenye kifuniko hadi maafisa waeleze pa kuyapeleka. Msiyaoshe kwa maji wala sabuni. Sabuni huyasaidia kuzama.

Mtoto akinywa mafuta ya taa au petroli

Usimtapishe, wala usimpe kitu cha kumfanya atapike. Mafuta yakirudi kooni huingia mapafuni, na huko ndiko yanakoua. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi kwa maji safi, mpeleke zahanati au hospitali mara moja hata kama anacheza, na beba chupa aliyoinywea. Kikohozi na kuhema kwa shida vinaweza kuanza saa kadhaa baadaye.

Kisima kinafunguliwa lini

Chanzo kikishaondolewa, pampu ikishatengenezwa au tangi kuchimbuliwa, kisima hakisafiki siku hiyo. Ombeni kipimo zaidi ya kimoja, kimojawapo baada ya masika, maji yanapokuwa yamepanda. Majibu yasomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji kwa sauti, na nakala ibaki ofisini kwa mtendaji ambako mwananchi yeyote anaweza kuiona. Pipa la dizeli likirudishwa kibandani, liwekwe juu ya sakafu ya saruji yenye ukingo, upande wa chini wa mteremko, na oili chafu iwe na dumu lake lenye alama na mtu mmoja anayejulikana wa kuipokea.