Jino la 46

Daktari alipotamka "arobaini na sita" nilidhani anakisia umri wangu, nikamwambia amenipunguzia. Kumbe alikuwa akimsomea msaidizi wake jino. Madaktari wa meno hukigawa kinywa robo nne, kisha huhesabu kutoka katikati kwenda nyuma. Langu lilikuwa robo ya nne, jino la sita: gego kubwa la kwanza, chini kulia. Huota mtoto akiwa na miaka sita hivi, na wazazi wengi hulidhania la utoto. "Liache, litang'oka lenyewe," husema. Halibadilishwi, ni hilo hilo moja.

Mimi ni mwalimu, naishi Nyanga, hapa Manispaa ya Bukoba. Haya ndiyo niliyofunzwa na gego hilo.

1. Jino lililonyamaza halijapona

Lilipoanza kuninyima usingizi, nilitibiwa mzizi. Daktari wa wakati huo alitoa kiini kilichooza ndani, akasafisha vijia vya mizizi, akaviziba. Maumivu yakaisha. Akaniagiza nirudi livishwe kofia, kifuniko kigumu cha jino. Sikurudi. Kulikuwa na ada za shule, na bima yangu haikugusa mambo ya kofia. Isitoshe, jino haliumi, nirudie nini?

Sikuelewa kwamba gego la namna hiyo limeshaliwa na uozo, likaliwa tena na mashine, likabaki kuta nyembamba zilizozunguka kiraka. Kila ukitafuna, kuta zinasukumwa nje. Kofia huzibana zisiachane, kama pete ya chuma kwenye mpini wa jembe ulioanza kupasuka.

Mwaka uliofuata tulimpeleka mpwa wangu kuposa Kamachumu, kule Muleba. Mgeni Uhayani hupewa akamwani, zile kahawa zilizochemshwa na majani ya harufu nzuri zikakaushwa, utafune huku mkizungumza. Nikang'ata. Nikasikia "ka!" nikadhani ni buni. Nilipotema kiganjani, kipande kilikuwa cheupe. Nikafumba mkono, nikaendelea kutabasamu kwa midomo iliyofungwa hadi mahari ikaafikiwa.

Ufa ulikuwa umeshuka chini ya fizi, na huko kofia haina pa kushika. Likang'olewa. Kofia ingenigharimu bei ya mbuzi. Yaliyofuata yalikula ng'ombe.

2. Pengo halitulii

Kwa kuwa halionekani nikicheka, niliishi nalo miaka mitatu. Kumbe jino la nyuma yake lilikuwa likiinama taratibu kuelekea kwenye nafasi, na lile la juu likishuka kumtafuta mwenzake aliyeondoka. Sikuhisi chochote. Niliona tu kwamba nyama ya mbuzi siku hizi naitafunia upande mmoja.

3. Kazi ya haraka niliilipia mara mbili

Jamaa mmoja asiyesomea udaktari wa meno alinitengenezea "jino" mchana mmoja tu: plastiki iliyogandishwa kwenye meno ya jirani, haitoki wala haipitishi kitu chini. Wiki tatu nilitamba nalo mjini. Ya nne fizi ikavimba, na harufu ikawa ile ambayo mke wako anakuambia kwa kugeukia ukutani. Siku hizi swali langu la kwanza kwa yeyote anayetaka kunitia kitu kinywani ni hili: chini yake nitasafisha vipi? Bei baadaye.

4. Daraja hujengwa juu ya majirani

Hili nataka nilieleze polepole, maana hakuna aliyeniambia kabla.

Daktari wa sasa ni binti mdogo. Aliniamkia, "Shikamoo, mwalimu," kisha akanifundisha kama wa darasa la tatu. Njia zilikuwa tatu: jino la kuvaa na kuvua usiku, skurubu ya titani inayopandwa kwenye mfupa, au daraja. Daraja ni kofia mbili zilizoungana na jino la bandia katikati yao. Hizo kofia lazima zivaliwe na vichwa, na vichwa ni meno mawili ya jirani, ambayo huchongwa kuzunguka hadi yabaki visiki. Yangu yalikuwa mazima kabisa. Nikauliza kama yataota tena. Akasema, "Hapana, mwalimu. Ukishachonga, umechonga."

Kisha lile lililoinama. Daraja huingia kwa kushuka wima, kwa hiyo visiki lazima visimame sambamba, na aliyeegama anachongwa zaidi ya mwenzake. Hata la juu lililoshuka lilipunguzwa kidogo. Nikiwa na ganzi shavuni nilihesabu: kwa jino moja nililolipuuza, matatu yameguswa.

Bado sijutii. Lakini ningeambiwa hesabu hiyo mapema, ningeuza kahawa ya msimu nikalivishe kofia.

Wakati wa kuchukua umbo la meno ya juu alikoroga unga na maji, akanijazia kinywa. Nikauliza ni kitu gani. "Umetokana na mwani." Nikashtuka, maana kwetu amwani ni kahawa, adui yangu yule yule! Akacheka hadi akaweka chombo chini: ni mwani wa baharini.

5. Kofia ya muda ni ya muda

Umbo lilipelekwa Mwanza kutengenezewa kauri juu ya chuma, nami nikavishwa plastiki ya kusubiria. Ilikuwa Novemba, senene wamejaa. Umeshaelewa. Niliiokota kwenye sahani katikati ya senene, nikarudi kwa daktari nayo kwenye karatasi.

6. Rangi huchaguliwa dirishani

Mimi nilitaka jeupe kama la matangazo. Alinipeleka kwenye mwanga wa mchana, akashika vipande vya mfano kando ya meno yangu ya chai na kahawa, akachagua A3, rangi ya ndizi iliyoanza kuiva. Alikuwa sahihi, ingawa nilinuna.

7. Kauri haiozi, kisiki huoza

Meno ya daraja yameshikana, uzi wa kusafishia meno hauwezi kushuka katikati yake kutoka juu. Nimepewa uzi wenye ncha ngumu. Naupenyeza chini ya jino la bandia kutoka kando, kama mtu anayeshona mkeka, nasugua, nauvuta. Kila usiku. Uozo ukianzia pembezoni, pale kauri inapokutana na kisiki, daraja zima hubomolewa. Mjukuu wangu husimama mlangoni kuhesabu mara ninazokosea tundu.

Mwezi uliopita tulirudi Kamachumu kumwona mtoto wa yule mpwa. Mwenye nyumba akaleta akamwani kwenye kikapu kidogo. "Karibu, mwalimu, tafuna." Nikachukua mbili kwa mikono miwili, nikashukuru, nikazisukumia shavu la kushoto, nikazimung'unya kama pipi hadi tukaaga.