SOMO LA UFUNDI: Pete Ndogo Inayolinda Mashine ya Mtumbwi



Somo letu la safari hii ni juu ya sili za mashine kuukuu za mitumbwi. Labda utauliza: mimi ni mtu wa kiwanda, au wa shamba la chai, jambo hili linanihusu nini? Linakuhusu. Wengi wetu mshahara hautoshi. Tumechanga tukanunua mashine ya zamani, au tunaajiriwa usiku kuvua ndagala na mukeke. Tena sili ya mashine hiyo ni ndugu wa sili iliyomo katika pampu na sanduku la gia kiwandani. Ukiijua moja, umezijua zote.

Mimi nilijifunza kwa uchungu. Usiku mmoja wa kiangazi tulikuwa watu watano ziwani, upande wa Kabezi. Mashine ikakwama. Upepo wa kusini ukatusukuma mpaka alfajiri. Tulipofika pwani, mwenye mashine alisema tumeiharibu, akatukata malipo. Fundi alipofungua aliona uzi wa nyavu umejizungusha kwenye shafti ya propela na kuikata sili. Maji yalikuwa yameingia zamani, na gia zimeliwa na kutu. Kama tungalikagua mafuta mapema, gharama ingalikuwa sili tu.

Sili ni nini?

Ni pete ya chuma yenye mdomo wa mpira ndani. Mara nyingi nyuma ya mdomo huo kuna springi nyembamba inayoubana kwenye shafti. Kazi yake ni kuzuia mafuta yasitoke na maji yasiingie. Mpira huchakaa kwa umri, mchanga, joto, na uzi wa nyavu.

Dalili za ubovu

1. Mafuta ya gia yamegeuka rangi kama chai ya maziwa. Hayo ni maji.
2. Mashine ikisimama usiku kucha, legeza kidogo skrubu ya chini ya gia. Maji yakitangulia kutoka, kuna mahali panapovuja.
3. Mashine ya mipigo miwili inawaka kwa shida, au inanguruma mno bila kuongezewa mafuta. Huenda sili za shafti kuu zinavuta hewa. Usiendelee nayo: mchanganyiko ukipungua mafuta, pistoni hushika.

Namna ya kubadili sili za propela

1. Toa waya wa plagi kwanza, mashine isije ikawaka mikono yako ikiwa kwenye propela.
2. Mwaga mafuta ya gia katika kopo. Usiyamwage ziwani, maana watu wa Bujumbura wanakunywa maji ya ziwa hilo.
3. Toa propela, kisha kifuniko kinachoshika sili. Kabla ya kung'oa sili, tazama mdomo wake unaelekea wapi, uandike. Zikiwa mbili, andika mwelekeo wa kila moja.
4. Soma namba zilizochongwa: kipenyo cha ndani, cha nje, na unene, kwa milimita. Namba hizo ni mali. Kampuni ya BRP ya Kanada iliacha kutengeneza mashine za Evinrude mwaka 2020, lakini sili ya kipimo kilekile unaweza kuipata kwa wauza beringi. Hakikisha ni ya kustahimili mafuta na maji.
5. Pitisha ukucha juu ya shafti. Ukikwama kwenye mfereji, sili mpya itavuja vilevile. Shafti itengenezwe kwanza.
6. Paka grisi mdomo wa sili. Isukume sawasawa kwa kipande cha bomba chenye upana wake. Usiigonge kwa nyundo moja kwa moja.
7. Badili na washa za skrubu zote mbili. Ni vitu vidogo, ila huvujisha kama sili.
8. Kabla ya kutia mafuta, jaza hewa taratibu, isizidi kilo 1 kwa sentimita ya mraba, uzamishe gia majini. Mapovu yakitoka, rudia kazi.
9. Tia mafuta ya gia kutoka tundu la chini mpaka yatokee la juu. Funga la juu kwanza, halafu la chini.

Ndugu zangu, kagueni mafuta kabla ya kuondoka, mbele ya mwenye mashine, na matokeo yaandikwe katika daftari. Asiyeandika hana shahidi. Mashine ikiharibika kwa uchakavu, mfanyakazi asibebeshwe deni la pete ya mpira.

Maswali ya kujadiliana

1. Kazini kwenu, ni mashine gani zinazovuja mafuta, na nani aliarifiwa?
2. Nani analipa chombo kikiharibika kwa uzee? Je, imeandikwa katika mapatano yenu?

Jadilianeni katika vikundi. Aliyejua amfundishe mwenzake.