Kushinda Njaa

Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu na nimekuwa mwanachama wa chama chetu hiki tangu kidato cha kwanza. Mhariri aliniomba niandike somo dogo la msamiati. Nilikubali, ila maneno nitakayoyaeleza niliyajua kwa tumbo kabla sijayajua kwa kichwa. Kwa hivyo usishangae ukiona nimechanganya somo na mambo yangu mwenyewe.

Tuanze na neno "kushinda". Lina maana kadhaa, nasi tunazihitaji mbili. Ya kwanza ni kupata ushindi, kama timu inavyoshinda mechi. Ya pili ni kukaa mahali au katika hali fulani mchana kutwa, kama tusemapo "ameshinda shambani". Ndiyo sababu mtu akikuuliza jioni "umeshindaje?" haulizi umempiga nani. Sasa tazama sentensi hii: "Nimeshinda njaa." Kila mtu akiisikia ataelewa kwamba hujatia kitu kinywani tangu asubuhi, na atakuhurumia. Mimi mwaka jana, kuanzia mwezi wa Mei hadi Agosti, niliisema kwa ile maana ya kwanza. Nilidhani nimeishinda njaa kama mtu anavyomshinda adui. Kumbe nilikuwa nashinda njaa hivi hivi tu, kama mtu asiye na unga nyumbani, na ilhali kwetu unga ulikuwepo.

Mambo yalianza na sketi. Chama chetu kilikuwa kikitayarisha ngonjera ya Siku ya Kiswahili Duniani, ambayo huadhimishwa tarehe 7 Julai. Sketi za ngonjera hurithiwa, wanaomaliza shule huwaachia wanaobaki, na ile niliyopewa mimi ilikataa kufunga kiunoni. Mwenzangu mmoja akasema kwa utani ati mimi nishonewe pazia. Tulicheka sote, nami nikacheka kuliko wote. Jioni ile nilikwenda kwa binamu yangu aliye na simu nzuri, akanionyesha programu ya kuhesabu kalori. Iliniuliza umri wangu, uzito wangu, nataka kupunguza kilo ngapi na kwa muda gani. Umri nilidanganya, manake ilikuwa ikiwakataa walio chini ya miaka 18. Muda nikaandika mfupi kabisa. Nayo ikanipa nambari, yaani kalori ambazo sikupaswa kuzizidisha kwa siku. Nambari hiyo sitaiandika hapa. Nawajua wenzangu, kuna atakayesahau somo lote na kuikumbuka hiyo peke yake. Nitasema tu kwamba ilikuwa ndogo kuliko ile waliyopewa wanaume fulani nitakaowataja mbele.

Kalori ni nini hasa? Wengi wetu tunalitumia neno hili kama jina la uchafu fulani uliomo ndani ya chakula. Kalori ni kipimo cha joto. Ile inayohesabiwa kwenye vyakula ni kiasi cha joto kinachoweza kupandisha kilo 1 ya maji kwa digrii 1 ya Selsiasi. (Wanafizikia watasema hiyo ni kilokalori, na ni kweli, ila watu wa vyakula wamelifupisha jina.) Chukua maji ya mtungi wa lita 20, yenye digrii 20, uyamimine kwenye sufuria kubwa ya jikoni hapa shuleni, uyainjike. Ili yafike digrii 100 yatahitaji kalori 1600. Msichana wa rika langu, anayetembea kuja shule na kurudi, huhitaji zaidi ya hizo, kama 2000 hivi kila siku.

Nilipofanya hesabu hiyo mara ya kwanza sikuamini. Joto la kuchemsha mtungi mzima linakwenda wapi ndani yangu? Jibu ni kwamba sehemu kubwa hutumika hata usipoinua kidole. Moyo unapiga usiku kucha, figo zinachuja, mwili unajiweka kwenye digrii 37 hata asubuhi ya baridi. Ubongo peke yake huchukua karibu sehemu moja kwa tano ya nguvu ambazo mwili hutumia ukiwa umepumzika. Na sisi tulio na miaka 16 tuna gharama nyingine ambayo mama zetu hawana tena: bado tunajenga mifupa. Programu haikujua hayo. Ilijua tu kutoa na kujumlisha, tena kwa umri wa uongo niliouandika mwenyewe.

Mazoea haya ya kuhesabu si ya juzi. Mwishoni mwa karne ya 19 mwanakemia wa Marekani aliyeitwa Wilbur Atwater alikuwa akiwaweka watu ndani ya chumba maalumu ili apime joto linalotoka miilini mwao. Kazi yake ndiyo iliyotupatia hesabu tunayofundishwa mpaka leo, kwamba gramu 1 ya wanga ina kalori 4, ya protini 4, na ya mafuta 9. Kisha mwaka 1918 daktari mmoja wa kike wa huko huko, Lulu Hunt Peters, alitoa kitabu kilichosomwa mno, akiwafundisha wanawake kujikondesha kwa kuhesabu. Aliwaambia wasiseme kipande cha mkate, waseme kalori 100 za mkate. Sisi watu wa lugha tunajua jambo la namna hiyo lina uzito gani. Ukibadilisha jina la kitu, utaanza kukitazama kwa jicho jingine. Mimi nilifika mahali ambapo mama alikuwa akinipakulia muthokoi na maharagwe, nami nikaona tarakimu zimejaa sahani.

Juma la kwanza mizani ilishuka upesi. Nilikuwa nikijipima stendi, kwa yule kijana anayetoza shilingi 10, na siku ile nilirudi nyumbani nikiruka ruka. Baadaye ndipo nilipojifunza sababu. Mwili huweka akiba ya wanga katika ini na misuli, iitwayo glikojeni, na kila gramu yake huhifadhiwa pamoja na gramu kama 3 za maji. Ukijinyima chakula, akiba hiyo huisha kwanza na maji yake huondoka nayo. Kwa hiyo nilichokuwa nikikishangilia kilikuwa maji kwa sehemu kubwa. Baada ya hapo mizani ikaanza kwenda polepole, nami nikadhani kosa ni langu, nikapunguza tena.

Mama alifikiri nakula shuleni. Shuleni walifikiri nakula nyumbani. Hiyo ndiyo faida mbaya ya kuwa mwanafunzi wa kutwa, una milango miwili ya kudanganyia.

Aliyenigundua kwanza ni mwalimu wetu wa Kiswahili, na hakunigundua kwa kunitazama mwili. Alikuwa akisahihisha insha. Siku moja mwezi wa Juni aliniita ofisini akiwa na daftari langu mkononi, akaniuliza, "Binti, mbona kila insha yako siku hizi ina karamu?" Nilitazama. Insha ya ajali ya barabarani: abiria walikuwa wakirudi kutoka harusini na pilau imeelezwa mistari sita. Insha ya methali: mhusika anakaanga samaki. Hata barua rasmi kwa mkurugenzi ilitaja chai na maandazi! Na nyuma ya daftari, kurasa nne nzima, nilikuwa nimeorodhesha vyakula na namna ya kuvipika, vingine sijawahi kuvionja maishani. Mwalimu hakunikemea. Alinipeleka kwa mwalimu wa sayansi kimu, naye ndiye aliyenisimulia habari za Minnesota.

Habari zenyewe ni hizi. Vita vya Pili vya Dunia vilipokuwa vikielekea mwisho, wataalamu walitaka kujua namna bora ya kuwalisha watu waliokuwa wamedhoofika kwa njaa huko Ulaya. Mtaalamu aliyeitwa Ancel Keys, wa Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani, alichukua wanaume 36 wenye afya nzuri ambao walikataa kubeba silaha kwa imani zao na wakajitolea kwa kazi hii. Waliishi chini ya uwanja wa mpira wa chuo. Walianza Novemba 1944 kwa kula vizuri, kama kalori 3200 kwa siku. Kisha tangu Februari hadi Julai 1945, majuma 24, wakapunguziwa hadi karibu 1570. Walipewa viazi, kabichi, makaroni, mkate, na walitakiwa kutembea kama kilomita 35 kila juma.

Hawakuwa watu dhaifu wa nia. Watu waliokubali kuumia kwa ajili ya wenzao wasiowajua nani atawaita dhaifu? Lakini soma yaliyowapata. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Mapigo ya moyo yakapungua, wakawa wanaona baridi hata wakati wa joto, nywele zikawatoka, wakawa wepesi wa hasira na wenye huzuni. Walilamba sahani. Walitafuna chingamu kutwa. Wengine waliiba chakula, hata ikawekwa sheria kwamba hakuna kwenda mjini peke yako. Mwenye njaa hana miiko. Na jambo lililonifanya niinamishe kichwa pale ofisini ni hili: walianza kukusanya vitabu vya mapishi na kuvisoma usiku, wanaume ambao zamani upishi haukuwahusu.

Nilizikumbuka zile kurasa nne.

Tena majaribio yalipokwisha na wakaruhusiwa kula wapendavyo, wengi walikula mno na bado wakasema hawajashiba. Mimi nilikuwa na siku kama hizo. Usiku wa manane nilikuwa nikiingia jikoni nikala ugali mkavu uliobaki, nimesimama gizani, na asubuhi nikajiita mlafi na kujiadhibu kwa kutokula kabisa. Sikujua kwamba kuna homoni, wanasayansi wa Japani waliitangaza mwaka 1999 wakaiita grelini, ambayo hutoka tumboni na kuuambia ubongo kwamba chakula kinahitajika. Ukijinyima, huongezeka. Nilikuwa napigana na kengele ya mwili wangu nikidhani napigana na tabia mbaya.

Ningependa kusema kwamba niliacha siku ile. Sikuacha. Nilimshukuru mwalimu, nikaenda darasani, na mchana nikampa rafiki yangu githeri yangu. Siku ya ngonjera sketi ilifunga. Nilisahau ubeti wangu jukwaani, mimi niliyekuwa nikiwakumbusha wengine beti zao. Nilikuwa nimevaa sweta mbili jua likiwaka. Mambo ya kike ya kila mwezi yalikuwa yamekatika, na hilo sikumwambia mtu.

Likizo ya Agosti nilipelekwa kwa nyanya, mashambani Ukambani. Hapa nirudi kidogo kwenye msamiati. Kiswahili kina "kunenepa" na "kuwanda" kwa mtu anayeongezeka mwili, na "kunona" ambalo hasa ni la mnyama, kwa hivyo tafadhali usimwambie shangazi yako amenona. Kina "kunawiri" kwa mtu mwenye siha inayong'aa. Upande wa pili kuna "kukonda" na kuna "kudhoofu", na katika tashbihi tulizokaririshwa tangu shule ya msingi, mtu hukonda kama ng'onda, yaani yule samaki aliyepasuliwa akakaushwa. Tafuta utakavyotafuta, hutapata tashbihi ya kusifu kukonda.

Nyanya aliniona nikishuka kwenye matatu akashika mdomo. Hakusema lolote mpaka jioni. Kisha akaanza kunihadithia mwaka wa 1984, ukame ambao Wakamba waliupa jina la Nikw'a Ngwete, yaani nitakufa na pesa mkononi, kwa kuwa hata mwenye pesa alikosa chakula cha kununua. Mama alikuwa mtoto wa mgongoni. Nyanya alikuwa akipanga foleni kungoja mahindi ya manjano yaliyoletwa kutoka ng'ambo, na zamu yake ikifika hupika, hula kidogo, na kinachobaki anakipitisha kwa mtoto kupitia ziwa lake. Alinyoosha mkono akanishika kifundo cha mkono, vidole vyake vikazunguka vikakutana. Akasema, "Mjukuu wangu, mkono huu ninaujua. Ulikuwa wangu. Mimi nilikondeshwa na jua. Wewe ni nani aliyekutuma?"

Sikuwa na jibu. Niseme sketi?

Alimpigia mama simu usiku ule ule. Mama hakunigombeza, alilia, na hilo lilikuwa baya zaidi. Juma lililofuata tulikwenda zahanati. Muuguzi alihesabu mapigo ya moyo mara mbili kwa kudhani amekosea, akapima damu, akakuta imepungua. Alinieleza kwamba ulaji wa kalori chache mno upo kama matibabu, kwa watu wazima ambao unene wao unawadhuru, na hufanywa daktari akiangalia, si kwa mtoto anayekua na binamu yake na simu. Alitutuma kwa mshauri, ambaye bado namwona kila mwezi. Pia alimwambia mama asinijazie sahani kwa pupa. Tulianza na milo midogo midogo, na uji katikati. Mambo ya kila mwezi yalirudi mwezi wa Desemba.

Usidhani nimepona kabisa. Bado nikiona andazi, tarakimu hunijia kichwani kabla ya harufu. Sketi ile nimeirudisha kabatini, na ya mwaka huu fundi ameitoa pindo akaipanua kwa shilingi 150, kazi ya nusu saa.

Ila nikifika nyumbani jioni, mama huuliza kutoka jikoni, bila kugeuka, "Umeshindaje?" Zamani nilikuwa nikijibu "salama" na kupita haraka. Siku hizi namjibu ilivyo. Siku nyingi nimeshinda vyema. Siku nyingine namwambia, "Mama, leo nimeshinda njaa," naye husogeza sufuria nyingine kando, akainjika ya uji, tukakaa pale mpaka uchemke.